Kilo Sitini na Saba

Jioni ile nilikuwa nampelekea mjukuu wangu chakula gereji. Hilo tu ndilo lililonitoa nyumbani. Sahani imefunikwa, kijiko mfukoni, kandambili miguuni. Jua lilishazama ila giza bado lilikuwa linasitasita, na toka barabarani nilisikia msasa ukikwaruza bati. Krrr... krrr... Nikajua huyu hajala tangu asubuhi.

Mjukuu huyu ni mtoto wa mwanangu mkubwa. Ana miaka ishirini na minne, na akili zake zote aliziweka kwenye kigari kimoja chekundu, kile cha mlango wa nyuma unaoinuka juu, kifupi kama kiatu lakini injini ina hasira ya beberu. Kilikuwa cha baba yake mdogo, kitinda mimba wangu. Ndicho kilichomuua. Breki zilikataa mteremkoni, basi. Kwa miaka tisa kilikaa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya mwanangu mkubwa, na ole wake aliyekigusa. Mwaka huu, baba mtu aliposafiri, mjukuu akakivuta kwa kamba mpaka gereji. Akakinyoosha, akakichomelea, akatia springi fupi na breki mpya. Nia yake ilikuwa siku mojamoja za Jumamosi akakikimbize kwenye uwanja wa mbio, penye kofia ngumu na watu wa kuzima moto, si barabarani.

"Sitaki madoido, Bibi," alikuwa akiniambia. "Kiwe kilivyokuwa. Ila kiamke."

Kiamke. Neno lake mwenyewe hilo.

"Karibu, mke wangu," akasema nilipoingia. "Umenipikia au umenionea huruma?"

"Mume gani hata kucha hasafishi? Kula."

Hakula. Fundi aliyekuwa akimsaidia, yule mwembamba tunayemwita Nati, alikuwa amechuchumaa sakafuni na hata salamu yangu hakuijibu. Gari wameligeuza boga lililokwanguliwa. Siti ya nyuma imetoka, zulia limetoka, hata ile lami ngumu ya sakafuni ya kuzuia kelele wameibandua, yote ili liwe jepesi. Chini ya kila gurudumu pana mizani. Petroli ilinuka. Na harufu nyingine chini yake... kama damu iliyolala kwenye sufuria.

"Mnalipima kama gunia?"

"Ndivyo inavyofanywa. Lazima ujue kila gurudumu linabeba kiasi gani, ndipo urekebishe springi. Tulilipima kabla ya kulivua. Vitu tulivyotoa tukavipima peke yake, kilo sabini na nne. Sasa tumelipima tena."

"Ehe?"

"Limepungua kilo saba."

Nikacheka. "Basi huyo fundi wako hesabu zilimkimbia."

Nati akainua uso. Midomo ilikuwa imemkauka. "Kilo sitini na saba zimebaki humo, Bibi," akanong'ona. "Mizani nimebadilisha mara tatu. Na zote ziko gurudumu la nyuma, kushoto. Pale siti ilipokuwa."

Nikachungulia. Bati tupu.

Kilo sitini na saba si uzito wa bati. Ni uzito wa mtu.

"Mmetoa nini tena humo?" nikauliza. Maana mimi magomvi ya ukoo huu nimeyabeba yote, ya mirathi, ya ndoa, hata ya kuku, na harufu yake naijua.

Nati akanionyesha mezani. Kifurushi cha kitambaa, kidogo kama ngumi ya mtoto, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Walikikuta kimezikwa chini ya ile lami wakakichana. Ndani kucha za mtu. Nywele. Na kipande cha mpira mweusi, urefu wa kidole. Nilikijua: hivyo ndivyo mganga anavyomfunga marehemu asitoke alipofia.

"Mpira wa breki," Nati akasema. "Tazama, Bibi. Upande huu umechanika wenyewe. Lakini huu... laini kama sabuni. Huu ni kisu. Mtu aliukata nusu, ukaachwa ukatikie njiani."

Mjukuu akanitazama. Mimi nikatazama sahani yangu.

Mambo mengi ya ukoo nimeyasema, hata yasiyosemeka. Hili nilikuwa nimelimeza.

"Bibi..." Nati akarudi nyuma kwa magoti. "Inashuka."

Mizani ya nyuma kushoto. Akazisoma zile kilo za ziada kwa sauti, pumzi kwa pumzi. Sitini. Arobaini. Kumi na mbili. Springi ikalia, kiiik... na upande wa mbele wa gari ukainama polepole, kama mtu anapokaa.

Alikuwa amehamia kiti cha dereva.

Hapo ndipo taa za gari zikamulika mlangoni. Mwanangu mkubwa. Alirudi safari, akakuta turubai limelala chini tupu. Aliingia na jasho, tumbo mbele, na hakumsalimia mtu. Macho yalikwenda moja kwa moja mezani.

"Nani amekifungua?"

Hakuuliza ni nini. Aliuliza nani amekifungua.

"Baba, huu mpira umekatwa," mjukuu akasema. "Baba mdogo hakufa kwa ajali."

"Nimeuliza nani!"

"Mimi, mzee, ni mim..." Nati hakumaliza. Mwanangu alikwisha shika spana ya magurudumu, akampiga nayo juu ya sikio. Nati akaanguka ubavu, mguu mmoja unakwaruza sementi, kwaru, kwaru, kisha ukatulia. Damu ikatambaa mpaka chini ya mizani.

"Mwanangu! Unaua!"

"Nyamaza, Mama. Ulinyamaza siku zote, nyamaza na leo."

Akanyakua dumu la petroli akaanza kumwagia gari. Boneti. Paa. Akapapasa kiberiti mfukoni. Mjukuu naye, kazi yake ya mwaka mzima inataka kuwa jivu, akaruka kuufungua mlango wa dereva alitoe nje.

"Usikae hapo!" nikapiga kelele. "Mume wangu, usikae!"

Akakaa.

Petroli ilikuwa inadondoka. To... to... Mjukuu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani kama aliyelala. Kisha mlango ukafunguka. Akatoka taratibu, vidole viwili vimegusa paa, shingo imelala upande wa kulia. Mjukuu wangu hatembei hivyo. Niliyemzaa mwisho ndiye aliyetembea hivyo.

"Tumbo," akasema.

Mwanangu mkubwa aliangusha kiberiti. Duniani ni mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, na tulimzika.

Alijaribu kupiga kwa spana. Ile mikono ikaidaka, ikaupinda mkono wake mpaka nikasikia mfupa, ka! Akamshika kisogo, akamburuta mpaka nyuma ya gari, akauinua ule mlango, akamlaza uso pale unapofungia.

Akaushusha.

Mara ya kwanza mwanangu alipiga ukelele. Mara ya pili meno yalidunda sakafuni. Mara ya tatu hapakuwa na ukelele, palikuwa na maji maji tu kooni, na taya limetoka upande kama droo iliyovunjika. Nilimrukia nikamvuta shati. Akanisukuma kwa kiwiko, nikaangukia chakula changu.

"Mama," akasema bila kugeuka. Mlango ulikuwa juu tena. "Sema."

Nilijua anataka nini. Na nilijua akiushusha tena, nimezaa bure.

"Nilimwona kaka yako," nikasema. "Asubuhi ile. Yupo bombani, anaosha mikono kwa mafuta ya taa, na yeye magari hagusi. Nyumba ya baba yenu nilikupa wewe, yakamkaa moyoni. Uliporudishwa umefunikwa shuka, nilijua. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimebaki na mmoja."

Akasikiliza mpaka neno la mwisho.

"Mwachie sasa, mwanangu. Na unirudishie mjukuu wangu."

La kwanza alilifanya. Akamwachia ndugu yake akaporomoka kama nguo. Kisha akaketi sakafuni, akakusanya kile chakula kilichomwagika, akaanza kula kwa vidole vyenye damu. Alikula kama mtu mwenye njaa ya miaka.

Tulisema gari lilichomoka kwenye jeki. Polisi waliuliza mara mbili, wakachoka. Nati alipona, lakini amehama na vifaa vyake vyote ameviacha, na fundi haachi vifaa. Mwanangu mkubwa taya lake limefungwa waya. Haongei. Kila nikienda kumwona ananiandikia kwenye karatasi, anaisukuma mkononi mwangu huku machozi yanamtoka. Mimi sikusoma shule. Naikunja, naiweka chini ya godoro na wenzake. Sijamtafuta wa kunisomea.

Jumamosi yule wanayemwita mjukuu wangu alikwenda na kigari uwanjani. Wenzake wanasema kona ile ya mwisho hakugusa breki.

Mkwe wangu, mama yake, amenijia analia. "Mama, huyu mtoto hataki hata nimguse. Ana nini?"

"Amechoka," nikamwambia.

Siku hizi analala kwangu. Ananiita Mama. Juzi tukiwa mezani, mlango umefungwa, nilijikaza nikamuuliza mara moja tu. "Mjukuu wangu umemweka wapi?"

Akaacha kutafuna. Shingo ikalala upande wa kulia.

"Kula, Mama," akasema kwa upole. "Kinapoa."

Nikala.