Nati ya Breki ya Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidole alishika baiskeli isiyumbe huku shangazi yake akifunga kreti za mikate nyuma kwa mpira. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana tangu utotoni hakuna kitu alichokiona asikiguse. Shangazi alichukua mikate kiwandani na kuisambaza madukani, chini ya mteremko. Baiskeli ilikuwa kuukuu na breki ya mbele ilishakufa, lakini ndiyo iliyowalisha tangu mama yake Kidole alipofariki. Ikilala, nao wanalala njaa.

Fundi wa mtaani alipohama, shangazi alisema, "Sasa tujitegemee. Nenda kwa mama muuza vyuma ukanunue vifaa vya kuanzia. Uende na baiskeli, mwanangu, ujaribu kila spana kwenye nati zetu kabla hujatoa hela."

"Sawa, shangazi."

Sawa ya mdomoni tu. Jua lilikuwa kali, na kukokota baiskeli mpaka sokoni ni kazi. Kidole akaiegemeza ukutani, akaenda mikono mitupu.

Mama muuza vyuma alimpangia juu ya gunia spana mbili nzito zilizokwishatumika, vyuma vya kutolea tairi, viraka na gundi yake, na pampu ya mkono. "Kwa kuanzia hivi vinatosha," alisema. "Baiskeli iko wapi, tujue saizi ya nati?"

"Nyumbani."

"Makubwa haya. Mgonjwa umemwacha kitandani, hospitali umekuja wewe. Kamlete."

Kidole hakwenda kumleta. Meza ya jirani ilikuwa na sanduku jekundu lililojaa spana zinazong'aa, za kila saizi, kwa bei ileile ya vifaa vya mama. Alijiambia kwamba moja isipoingia, nyingine itaingia, akalinunua. Rahisi huvunja upishi, lakini mwenye haraka hasikii.

"Ulizijaribu?" shangazi aliuliza aliporudi nalo nyumbani.

"Nilizijaribu."

Jioni alipewa kazi ya kukaza nati ya breki ya nyuma. Spana ilishika, akavuta, mdomo wa spana ukapanuka na kuteleza. Alijaribu tena, na pembe za nati zikalika. Waya wa breki ulikuwa bado unacheza. Kidole aliliona hilo kwa macho yake. Lakini akisema, ataulizwa habari ya sokoni.

"Imekaza?" shangazi aliita kutoka jikoni.

"Imekaza."

Asubuhi, katikati ya mteremko, shangazi alibana breki na waya ukachomoka. Mbele yake watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara. Alipinda usukani, akajibamiza ukutani. Watoto walipona. Mikate ilitapakaa kwenye tope la mtaro, na mkono wa shangazi ukavunjika mahali pawili.

Hospitalini Kidole alilia mpaka kwikwi zikamshika. "Shangazi, haikukaza. Nilijua. Na spana sikuzijaribu."

Shangazi aligeuza uso upande wa pili.

Kesho yake Kidole alikokota baiskeli mpaka kwa mama muuza vyuma. Walijaribu spana moja baada ya nyingine kwenye kila nati, mpaka zikapatikana mbili zilizokamata bila kucheza. Hela hakuwa nayo, hivyo alikubali kumchambulia mama huyo misumari kila siku baada ya shule. Alifunga nati mpya na kuikaza. Kisha akabana breki na kuisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote. Gurudumu halikuzunguka.

Jirani alijitolea kupeleka mikate mpaka shangazi apone, ingawa daktari alikwisha sema vidole vya mkono ule havitabana kama zamani. Kabla jirani hajapanda, shangazi alisimama mlangoni, mkono umefungwa plasta.

"Imekaza?"

"Njoo uijaribu mwenyewe, shangazi."

Aliijaribu kwa mkono mzima, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamkalisha Kidole kando yake.

"Spana mbovu nimezitumia nyingi maishani, mwanangu, na zilinichelewesha tu. Ungeniambia haijakaza, ule mteremko ningeushuka kwa miguu. Mkono huu haukuvunjwa na spana. Nilikuuliza, nikakuamini."

Kidole aliinamisha kichwa. Shangazi akamsogezea sanduku jekundu.

"Liweke hapa mlangoni," alisema. "Tutakuwa tunaliona kila siku."