Nani Anafungua Mafaili ya Wagonjwa?

"Ni huyu! Huyu huyu niliyemtoa kwao nikamlisha!"

Mama mkubwa alininyooshea kidole mbele ya wafanyakazi wote.

Mimi ni mtu wa aibu, wapendwa. Shule niliachia darasa la tano. Kazi yangu ni kupiga deki na kuchemsha chai kwenye zahanati ya mama mkubwa, dada yake mama. Kompyuta nazipangusa vumbi tu.

Asubuhi ile mwanamke aliingia mapokezi analia. Majibu ya vipimo vyake yametumwa kwa wakwe zake! Kabla hajamaliza kueleza, akaingia wa pili. Naye vilevile...

"Mafaili yamefunguliwa kwa namba sahihi ya siri," alisema fundi wa kompyuta. Sisi tunamwita Waya. "Mwizi hakuvunja mlango. Ana ufunguo."

"Kwa hiyo ni mtu wa humu?"

"Inaelekea."

Macho yote kwangu! Nani anasafisha chumba cha kompyuta akiwa peke yake? Mimi.

"Umempa nani hiyo namba?" mama mkubwa akafoka.

"Sijampa mtu, mama..."

"Usiposema kabla hatujafunga leo, utawaeleza polisi!"

Nikakimbilia jikoni kulia. Dada wa mapokezi akanifuata. Nikadhani anakuja kunifariji. Wapi! Alichukua pochi yake mezani, akaikumbatia.

"Sisemi kitu, mdogo wangu... lakini."

Hata mlinzi, anayeniita mchumba kila siku, leo alipekua mfuko wangu wa taka!

Nami nilikuwa na wangu wa kumshuku. Waya! Wiki nzima, nikipita na fagio, anafunika skrini. Akipigiwa simu, anatoka nje. Mtu gani anaficha kazi aliyoajiriwa kuifanya?

Nikajikaza, nikarudi.

"Mama, muulize Waya anaficha nini!"

Wengine ndiyo kwanza wanaisikia sauti yangu.

"Nilikuwa nafunika wewe usione," Waya akajibu. "Wiki nzima naona mafaili yanafunguliwa tukiwa tumefunga. Nikakushuku."

"Mimi?!"

"Si ndiyo wewe unayepitapita!"

Mlinzi akacheka peke yake.

Waya akamgeukia mama mkubwa. "Namba ya siri inabadilika kila siku. Wafanyakazi unawapaje?"

"Naitupia kwenye grupu letu kila asubuhi. Nianze kumpigia mmoja mmoja?"

Waya akashika kichwa. "Kwenye grupu! Mama, mwenye namba hiyo anaingia hata akiwa kitandani kwake. Nipe simu."

Akafungua ujumbe wa asubuhi ile, akaangalia waliousoma. Daktari. Muuguzi. Mapokezi. Mlinzi. Mimi.

"Na huyu Mhasibu ni nani? Mbona simjui? Kasoma wa kwanza kabisa."

Dada wa mapokezi akapiga yowe.

"Mhasibu tulimzika mwaka jana!"

"Toba!" mlinzi akarudi nyuma hadi ukutani.

Mama mkubwa akampigia mjane wa Mhasibu, akaweka spika sote tusikie.

"Mwenzangu, simu ya marehemu iko wapi?"

"Iliibwa siku ya msiba, dada. Nyumba imejaa watu waliokuja kulia na mimi, ningemshika nani? Niliona aibu, nikanyamaza."

Kumbe! Kila asubuhi tunamgawia mwizi ufunguo wetu, tena na salamu juu!

"Lakini kwa nini hamkumtoa kwenye grupu?" Waya akauliza.

Mama mkubwa alifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nilijaribu. Nikaona kama namzika mara ya pili."

Hakuna aliyecheka. Nani kati yetu angeweza kumtoa?

Mwenyewe akamtoa. Waya akabadilisha kila kitu. Kisha mama mkubwa akawaendea wale wanawake wawili kwenye benchi, akapiga magoti.

"Siri zenu nimezimwaga mimi. Mtoto wangu huyu hana kosa. Polisi naenda mwenyewe, nikaeleze."

Nililia upya, wapendwa. Safari hii sikujificha.

Wewe unayesoma hapa, fungua grupu la kazini kwako sasa hivi. Namba ya siri usiitume humo. Na aliyeondoka mtoe, hata kama ameondokea kaburini. Kumlilia mtamlilia... lakini simu yake, unajua iko mkononi mwa nani?