Waya kwenye Kitufe cha Gesi

Kila akitoka shule, Kiroboto, msichana aliyepewa jina hilo kwa kutotulia, alipitia kiwanda cha mikate walikofanya kazi mama yake na mama yake mkubwa. Alikaa juu ya gunia tupu, akafanya hesabu zake.

Wiki hiyo kimoto kidogo cha kuwashia tanuri kilizimika kila mara. Kitufe cha gesi kikiachiwa tu, kimoto hufa na gesi hujifunga. Msimamizi alichoka. Akakikandamiza kitufe, akakifunga kwa waya kisiachie.

"Tuone kama kitagoma tena," alicheka. "Mikate haingoji fundi!"

Kesho yake kimoto kikazimika, ila gesi ikaendelea kutoka. Mama mkubwa alipowasha kiberiti, tanuri likamlipukia. Mikono yote miwili ikaungua.

Fundi wa gesi alipoitwa, waya ulikuwa umeshaondolewa.

"Uzembe wa yule mama aliyeungua," msimamizi alimwambia. "Aliacha gesi wazi."

Wafanyakazi wakatazama sakafu. Mama akamkanyaga Kiroboto mguu anyamaze.

"Si kweli!" Kiroboto akasema. "Yeye ndiye aliyekifunga kitufe kwa waya. Nilimwona."

"Mtoto wa nani huyu? Mtoeni!"

Fundi alichuchumaa, akamulika tochi. Mikwaruzo ya waya kwenye kitufe ilikuwa bado mipya. Alifunga gesi, akasafisha tundu lililojaa masizi, akabadilisha kijiti cha shaba kinachohisi joto la kimoto.

"Hiki kikipoa hufunga gesi ili msife," alisema. "Kilikuwa kimechakaa, basi. Nani alimfundisha mtu kukinyonga kitufe?"

Akawasha tena. Kimoto kikasimama, cha buluu, kimetulia. Jioni mama akaambiwa asirudi. Msimamizi akabaki, maana wa juu hawafukuzani.

Njiani Kiroboto alilia. "Nimekuponza, mama."

"Umeniponza, ndiyo," mama alijibu. "Kibarua kimeota nyasi, na kesho sijui tutakula nini. Lakini ule waya niliuona kabla yako, nikajifanya kipofu. Leo dada yangu hawezi hata kushika kijiko."

Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Ukiona hatari, mwanangu, sema mapema, kabla mtu hajaungua. Msimamizi aliufunga ule waya. Sisi tulionyamaza ndio tulioukaza."