Picha ya Mjane wa Makole

Mwizi alibeba kompyuta akaacha kisanduku cha fedha. Inspekta Nikodemo alikitazama kisanduku kile kwa hasira. Jambazi mwenye tamaa unamwelewa. Huyu alitaka nini?

Duka lilikuwa Majengo, nyuma ya wauza mtama. Mwenyewe, Nasri, alikuwa ameanzisha biashara iliyowashangaza watu mwaka ule wa 2002: kuwauzia Wazungu asali ya Dodoma kupitia intaneti. Alilifunga duka Ijumaa, akalikuta limevunjwa Jumatatu asubuhi.

Ukutani palichorwa faneli kubwa.

"Hii nini?"

"Mpango wa biashara, afande. Kama unavyomimina mafuta ya taa. Huku juu kupana: watu wengi wanaona picha, wanaingiwa huruma. Anayeniandikia namtumia kisa cha huyo wa pichani. Kisha anapata kichupa cha kuonja. Wanaofika huku chini ndio wateja wangu wa kudumu."

"Picha ya nani?"

Mdomoni mwa faneli palibaki gundi na kona ya karatasi iliyochanwa.

"Mama mmoja tu," alisema Nasri, macho pembeni.

Nikodemo hakumbana. Koplo Salwa alipomaliza kuchukua alama za vidole, wakaenda kwenye duka jingine la intaneti, wakaufungua ukurasa wa Nasri. Picha ilijitokeza polepole, ikianzia juu: kichwa wazi, macho yaliyovimba kwa kulia, nguo nyeupe. Chini yake: mjane huyu atakula ukinunua asali.

Salwa akaziba mdomo.

"Afande, huyu yuko edani. Mumewe amefariki, hatakiwi kuonwa na mwanamume wa nje. Aliyempiga picha hii ni maharimu wake, ndugu wa damu anayeruhusiwa kuingia."

"Na aliyeiba?"

"Mtu wa nyumba hiyohiyo. Aibu imemshinda."

Nasri alipoulizwa tena, hakuchukua muda. Ni Zuleha, dada wa baba yake, anakaa Makole. Alimpiga picha siku aliyompelekea sukari ya msiba.

"Alijua ya nini?"

"Alidhani ni ya ukumbusho."

Nikodemo alitamani kumzaba kibao. Lakini kwa vitabu vya polisi, Nasri ndiye mlalamikaji.

Kule Makole aliwapokea Rajabu, mwana wa pekee wa Zuleha. Hata hakusubiri kuulizwa mara mbili.

"Kompyuta iko wapi?"

"Mtera."

"Kwa nani?"

"Kwa samaki. Nilidandia lori la wachuuzi, nikaitumbukiza bwawani."

"Kwa nini?"

"Vijana wa chuo walinionyesha mama yangu, afande. Kichwa wazi! Wakacheka. Nilimpigia Nasri magoti aitoe, akasema mpango wake utaharibika. Basi nimeizamisha, picha na mashine yake. Nifungeni. Mama nimeshamstiri."

Nikodemo alilifunga daftari lake. Asubuhi ile alipoitazama picha, kompyuta ilikuwa tayari chini ya maji.

Alitoka uani, akampigia Nasri simu.

"Itoe hiyo picha. Sasa hivi."

"Ningeitoa, afande, wallahi. Neno la siri nililihifadhi ndani ya mashine, sikulishika kichwani. Nimewaandikia wenye mtandao huko ng'ambo. Kimya."

"Tutawashtaki."

"Kituo gani, afande?"

Nikodemo akakata simu. Nyota zake mabegani hazikufika huko, na alilijua hilo kwa uchungu.

Aliporudi, Rajabu alikuwa na pingu, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia.

"Huyo ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanichukulia Rajabu?"

"Sheria inanibana, mama."

"Haya. Ila uniambie wewe, mtu wa serikali. Siku hizi silali, nahisi nimesimama uchi barabarani. Mashine imezama. Ndiyo kusema sionekani tena?"

Rajabu alimgeukia inspekta, akitabasamu. Salwa aliinamisha kichwa. Nikodemo aliikumbuka sura ile yote, hadi kovu dogo juu ya nyusi. Angekutana nayo sokoni angeitambua.

"Huonekani, mama."

"Alhamdulillahi! Na wewe hukuiona?"

Inspekta akamshika Rajabu mkono, akamtoa nje haraka.