Jina la Mia Moja na Moja

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya fundi. Cherehani ilikaa dirishani. Kompyuta ya mumewe ilikaa juu ya meza ndogo, karibu na pasi.

Mwezi huo Mungu alimjalia kazi kubwa: sare za wanafunzi wauguzi mia moja na ishirini. Aliwapima kwa siku tatu, bega, kifua, kiuno na urefu. Aliandika yote kwenye daftari. Kisha wanafunzi wakatawanyika kwenda mazoezini katika hospitali za mbali.

Mumewe alikuwa amesoma kompyuta katika darasa la jioni. Alianza kuingiza vipimo kwenye programu ya bure ya mafundi.

"Sasa daftari la nini, mke wangu? Kila kitu kimo humu."

"Haya, bwana mkubwa wa kompyuta!"

Fundi alichana kurasa zilizokwisha kuingizwa. Akazikata kuwa vielelezo vya kukatia kola. Vipande vilivyobaki aliwashia jiko.

Jumamosi mumewe aliandika jina la mia moja na moja. Kompyuta ikakataa. "Umefikia kikomo. Lipa kwa kadi ya benki ili kufungua orodha yako." Aliizima, akaiwasha. Majina yote mia moja yalikuwa yamefungwa.

"Labda imejaa," alisema.

"Imejaaje? Si ulisema inabeba hata maktaba nzima?"

"Ndivyo mwalimu alivyotufundisha."

"Basi kamuulize mwalimu wako vifua vya wasichana mia moja ni inchi ngapi!"

Kadi ya benki hawakuwa nayo. Kuipata kungechukua wiki tatu, na sare zilitakiwa baada ya siku kumi na mbili. Fundi alipiga magoti kando ya cherehani. "Ee Mungu," alisema.

Walimwita jirani mwenye duka la kutoa kopi. Mtaa mzima ulimwita Mama Kopi. Alitazama, akashusha pumzi.

"Shemeji, kompyuta yako haiumwi. Nafasi ipo tele."

"Mbona imegoma?"

"Waliotengeneza programu wameweka kikomo makusudi. Majina mia ni bure. Ukizidisha moja tu, wanafunga mpaka ulipe."

"Lakini vipimo ni vyangu!" fundi alilia. "Nimepima kwa mkono huu!"

"Ni vyako, dada. Ila ufunguo wanao wao."

"Wangesema mapema!"

"Walisema. Kwa maandishi madogo, chini kabisa."

Mume aliinamisha kichwa. Siku ile ya kwanza alibonyeza "Nakubali" bila kusoma.

"Huwezi kufungua?" aliuliza.

"Siwezi, na kadi hata mimi sina. Nisikudanganye."

Walipindua karatasi za kola moja baada ya nyingine. Hapa bega lipo, jina limekatwa. Pale jina lipo, kiuno kimekwenda na moto. Vipimo vya wanafunzi thelathini na moja tu vilisomeka. Ukiongeza ishirini waliobaki daftarini, wakawa hamsini na moja.

Mkuu wa chuo aliwasikiliza akiwa amesimama. "Siwezi kuwafuata wanafunzi hospitali kumi na nne," alisema. "Leteni sare hizo hamsini na moja. Wengine tutawanunulia zilizoshonwa tayari."

Walirudi, wakashona hizo hamsini na moja.

Baadaye Mama Kopi alimfundisha mume kutumia programu ya kawaida ya majedwali, isiyofunga orodha yako. "Kabla hujaanza, uliza kikomo kiko wapi," alisema. "Siku ya kwanza kabisa, jaribu kuitoa kazi yako kwenye programu uone kama inatoka. Weka nakala pengine. Na daftari, shemeji, liache lilivyo."

Siku hizi fundi hupima, huandika, na mumewe huingiza.

"Inatoka?" fundi huuliza.

"Imetoka," mumewe hujibu, akimpa karatasi iliyochapwa.

Lakini kola moja ya karatasi imebaki ukutani, juu ya cherehani. Imeandikwa: kiuno 28. Jina halipo. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, fundi humwombea msichana huyo, popote alipo, ndani ya sare isiyomkaa.