Synthé Iliyotoka Luhwindja

Kilichopaswa kumtisha Emérence ndicho kilichomfurahisha: noti ya kinanda haikuyumba.

Mwezi mzima alikuwa akihangaika kuchagua synthé, kinanda cha umeme, na kichwa kilikuwa kimemchemka. Nyumbani kwao Kadutu, mjini Bukavu, alikuwa na kompyuta ya zamani, boksi dogo la kupiga midundo, na meza ya sauti yenye njia nne, moja imekufa. Vyote vilitoa muziki safi, mwembamba, usio na mwili. Alitaka besi ya analogique, ile inayotoka kwenye umeme wenyewe na kukugonga kifuani. Alimaliza mega za intaneti za simu kutazama video za watu wa Ulaya wanaozungusha vifundo na kusifu kila kitu. Hii haihifadhi sauti uliyoitengeneza, ile inatoa noti moja tu kwa wakati, nyingine ina vifundo vidogo utadhani vya mwanasesere. Hakuna hata mmoja aliyegusa swali lake: je, itavumilia courant, umeme wa Bukavu? Maana mashine ya namna hii hufuata umeme. Majirani wakiwasha majiko, umeme unalegea, noti nayo inashuka, na wimbo wote unakwenda kombo. Walaniwe na video zao.

Tena hakuwa na muda wa kuchagua polepole. Mama yake, Maman Rosalie, aliyeimba kwaya ya parokia miaka thelathini, alikuwa na goitre, uvimbe mkubwa shingoni. Daktari alipanga kumpasua baada ya wiki tatu, na alisema bila kuficha kwamba sauti inaweza kubadilika, au isirudi kabisa. Sauti ile ndiyo iliyomlea Emérence baada ya baba kufa; akilia, aliimbiwa; pasipo chakula, aliimbiwa vilevile. Alitaka kuirekodi katika nyimbo sita, ikiwa na besi nzito chini yake, kabla kisu hakijapita.

Basi Thierry, muuza vyombo vya muziki vya occasion, vilivyokwisha kutumika, karibu na soko, akamwekea mashine mbili mezani. Ya kijivu ilikuwa tamu, lakini kila fundi nguo wa jirani alipowasha pasi, noti iliteleza. Emérence akairekebisha mara nne, mara ya tano akasonya. Ya nyeusi, yenye mbao pembeni, haikuyumba. Balbu ya duka ilififia mpaka ikabaki nyuzi nyekundu tu, na noti ikasimama palepale.

"Hii ilitoka wapi?" akauliza.

"Luhwindja." Thierry alikuwa akitazama mlango. "Mwenyewe hayiko tena. Beba, dada. Ikae kwako."

Ilinuka udongo mbichi. Emérence alidhani ni mvua iliyoingia dukani, akaibeba kifuani akipanda kijia chenye matope hadi nyumbani.

Siku mbili za kwanza walirekodi wimbo mmoja, ukatoka vizuri mpaka Maman Rosalie akacheka. Siku ya tatu, saa tisa mchana, courant ikakatika. Sasa, Bukavu courant ikikatika hakuna anayezima kitu. Unaacha balbu na redio zimewashwa ili ujue itakaporudi, na ikirudi mtaa mzima hupiga kelele, wakubwa kwa watoto. Emérence naye akaacha synthé imewashwa, akaketi kitandani akinung'unika juu ya mchana uliopotea.

Baada ya muda synthé ikatoa noti moja ya chini.

Maman Rosalie alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Akaisikia, akafanya alichofanya maisha yake yote, kwa sauti iliyoshinda zote katika parcelle, ua wa majirani wote:

"Courant imerudiii!"

Majirani wakakimbilia swichi zao. Hakuna kitu. "Eh, Maman Rosalie, unatudanganya!" wakamtania kutoka milangoni. Ndani, Emérence alikuwa akitazama balbu iliyokufa, na synthé inayonguruma. Akachomoa waya ukutani. Ikaendelea kunguruma, na harufu ya udongo ikajaa chumba.

Jioni mama yake aliomba chumvi kwa sauti iliyokwaruza.

"Maman, sauti yako imefanya nini?"

"Ni hii goitre tu. Kula, mutoto wangu."

Kesho yake courant ikakatika tena, noti ya chini ikaja, na mara hii juu yake palikuwa na nyingine, nyembamba, ikipanda. Emérence aliitambua kabla haijafika kileleni: ilikuwa ile noti ya juu ya mama yake, ya wimbo wa Pasaka, ambayo Maman Rosalie alikuwa ameshindwa kuifikia asubuhi ile. Akazungusha vifundo vyote hadi mwisho na sauti haikubadilika, akapiga ngumi ubao, akaitukana mashine na Thierry na ukoo wa Thierry, kisha akaleta bisibisi akafungua kifuniko cha nyuma, na ndani, kati ya nyaya, mahali ambapo hapakuwa na tone la maji tangu ainunue, alikuta matope mabichi, mekundu, na juu ya matope hayo michirizi mitano mitano, ya kucha za mtu aliyekuwa akichimba kutoka upande wa ndani.

Akashuka mbio sokoni. Thierry alipomwona alianza kufunga duka.

"Thierry! Sema kweli. Ile machine ilikuwa ya nani?"

"Sema polepole," Thierry akanong'ona, akamvuta pembeni. "Ilikuwa ya muzee mumoja, Barthélemy. Alikuwa anapigia bachimbaji muziki kule Luhwindja. Siku moja akaacha machine juu, akaingia mu shimo naye atafute dhahabu. Group ya kutoa courant ikazimika, taa zikazimika, pompe ya maji ikasimama, udongo ukaanguka. Siku tatu alikuwa anapiga kelele chini, na batu ya juu bakimusikia."

"Akisema nini?"

"Kitu kimoja tu. Alikuwa anauliza: courant imerudi? Courant imerudi?" Thierry akajipangusa uso. "Hakuna mutu alimujibu, dada. Bakaziba masikio. Mupaka sauti ikamuishia."

Emérence akaketi juu ya kreti tupu. Siku tatu mtu yule aliuliza gizani, na wa kwanza kumjibu alikuwa Maman Rosalie, kutoka jikoni, akiwa na maharagwe mkononi.

Aliporudi, Maman Rosalie hakuwa na sauti hata ya kunong'ona. Alifungua mdomo, ukatoka upepo.

Wakamwita Maman Eulalie wa kikundi cha maombi, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni na chupa ya maji ya baraka. Aliomba mchana kutwa. Alipoinyunyizia mashine, ikalia kwa sauti ya Maman Rosalie, Emérence akaziba masikio. Mwishowe Maman Eulalie akatoka nje akiwa amelowa jasho.

"Hii roho inatoka, kama tunatupa machine mu ziwa," akasema chini chini. "Lakini sauti ya mama yako iko mule ndani. Itaenda nayo. Chagua, mutoto wangu."

"Nimechoka kuchagua!" Emérence akapiga kelele. Mwezi mzima hii ama ile, na sasa hili!

Maman Rosalie akamshika mkono. Midomo yake ikasema bila sauti, polepole, ili aelewe vizuri: *Tupa.*

Emérence akaingia ndani peke yake, akatoka na mfuko wa mchele uliofungwa kwa kamba. Wakateremka hadi ziwani. Maman Eulalie akaomba, mfuko ukazama, mama akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyefungua mfuko kuangalia. Mle ndani mlikuwa na boksi la midundo, meza ya sauti na mawe mawili. Synthé nyeusi ilikuwa chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye kitenge cha mama yake.

Alijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka operesheni ipite. Huenda sauti ingerudi yenyewe. Operesheni ikapita vizuri. Daktari akasema hakuna mshipa wa sauti ulioguswa, Maman anapaswa kusema, ni nini kinamzuia? Wiki zikapita, Maman Rosalie akamenya ndizi kimya, akaenda misa kimya, na pale kwaya iliposimama, yeye akabaki ameketi.

Mchana mmoja mvua ilipiga mabati, courant ikakatika. Mama na mtoto walikuwa wameketi chumbani wakitazamana, sinia la maharagwe katikati yao. Noti ya chini ikaja kutoka chini ya kitanda. Emérence akafumba macho. Alijua sasa mama atajua, na harufu ya udongo ikapanda mpaka wakawa kama waliokaa ndani yake, kisha juu ya noti ile, safi, yenye nguvu, sauti ya miaka thelathini ya kwaya bila mkwaruzo wowote, Maman Rosalie akaimba ule wimbo wa Pasaka kutoka mwanzo, huku Maman Rosalie mwenyewe ameketi pale mbele, mdomo umefungwa, machozi yakimtiririka hadi kwenye kovu la shingo.

Wimbo ukakatika katikati. Halafu ile sauti ya mama yake, kwa upole, ikauliza:

"Courant imerudi?"

Emérence akamtazama mama yake, akingoja hasira, akingoja lile neno la siku ile. Midomo ya Maman Rosalie ikasogea. Haikusema *tupa*. Ilisema *tena*.

Lakini ili iimbe tena ilihitaji kujibiwa, na ndani ya nyumba ile alikuwa amebaki mmoja tu mwenye sauti ya kujibu. Emérence akapiga magoti kando ya kitanda, akainua shuka.

"Ndiyo, papa Barthélemy," akasema. "Imerudi."

Wimbo ukaendelea. Alipogeuka kumwambia mama yake asilie, koo lake mwenyewe lilikuwa limeanza kukwaruza.