Ujumbe Usio na "Wako"

Duka la fotokopi kwenye geti la chuo lilikuwa limefurika watu. Mtafiti, gauni la bluu na viatu vilivyolika visigino, akabwaga mezani rundo la karatasi za Kichina.

"Dada, hizi unazisoma kweli au unatutisha tu?" fundi wa mashine akauliza. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino, ndiyo maana wote walimwita Wino.

"Nasoma kisichoandikwa. Mwaka jana serikali yao ilimwita jirani 'rafiki wa kudumu'. Mwaka huu 'rafiki', basi. Neno likiondoka, ujue kuna jambo."

"Basi mimi kwako sitaondoa hata moja."

Na hakuondoa. Walipopendana, kila ujumbe wake uliishia "wako, Wino." Hata mtafiti alipopelekwa Uchina mwaka mzima kuchunguza siasa zao za nje, "wako" ilimfuata huko huko.

Mpaka asubuhi moja: "Sijambo. Kazi nyingi. Wino."

Akausoma kama anavyosoma matamko ya serikali. Akajibu, "Nimeelewa msimamo wako," akaacha kupokea simu za namba ya Wino. Wiki zikapita. Ndipo dada yake Wino akampigia kwa namba ngeni.

"Wifi, moyo wako jiwe?"

"Kaka yako ndiye aliyebadilika."

"Ule ujumbe niliuandika mimi! Yeye yuko hospitali, figo zimegoma, hata simu haishiki. Akanikataza nisikwambie. Sasa hiyo 'wako' ningeiandikaje mimi, kwa wifi yangu?"

Mtafiti akaomba ruhusa arudi, huku analia. Mkurugenzi wa taasisi iliyompeleka akasema, "Ngoja kwanza wakubwa wa wizara wafike huko, uwatafsirie." Wakubwa hawa! Wakaahirisha, wakaahirisha tena. Walipofika wakashinda madukani kuchagua televisheni. Mtu anakufa, wao wanapima inchi.

Aliporudi, alimkuta Wino hospitali, bado anapumua.

"Msomi wangu," Wino akanong'ona, "safari hii umesoma vibaya."

"Vibaya sana, mpenzi. Nioe."

"Na vidole hivi?" Vilikuwa safi mno, wino wote umeshatoka.

"Hivyo hivyo."

Akacheka, akaomba simu, akabonyeza polepole. Simu ya mtafiti ikatetema mkobani: "Wako, Wino."

Harusi haikufika. Walimzika Jumamosi, na mkurugenzi akatuma barua ya rambirambi, mhuri juu, sahihi chini. Mtafiti akaisoma kwa macho ya kazi yake. Pole ilikuwemo. Mungu alikuwemo. Samahani haikuwemo.

Hapo hakusoma vibaya.